Wimbo wa Msiba Kwenye Picha ya Anga

Ujerumani,
Jumapili asubuhi

Dada yangu Rehema,

Shikamoo. Na shemeji umpe shikamoo yake kabla hajatoka kwenda kazini Kwala, maana najua akishafika bandari kavu simu haipokei mpaka jioni. Vipi hapo nyumbani Sofu? Vipi duka, na ile miguu yako inayovimba ukisimama sana? Wapwa zangu wanasoma au wanakula tu? Na Mama, ulipomwacha Maneromango alikuwa ameanza kula chakula cha kueleweka, au bado ni chai na kipande cha muhogo? Yeye nikimwuliza huniambia "nimeshiba" hata kabla sijamaliza swali.

Mimi mwili mzima. Yaliyo moyoni ndiyo yamenishikisha kalamu. Tangu msiba, mimi na wewe kwenye simu hatufiki mbali. Nikisema "Dada", unanyamaza. Ukisema "Amoni", nanyamaza mimi. Halafu tunaulizana mvua kama watu waliokutana kituoni. Nami najua tulipokwamia. Binamu Yosia alikuambia kwamba wiki ile mliyomzika Baba, mimi nilikuwa studio naimba kwenye filamu. Ukaniambia neno moja tu: "Kumbe nafasi ya kuimba ulikuwa nayo." Hukunitukana, Dada, na ungenitukana ningepata nafuu. Basi nimekaa mezani nikueleze ilivyokuwa, kuanzia kazi yenyewe, kwa sababu hata hiyo sijawahi kuwaeleza vizuri.

Mama huwaambia watu nimeajiriwa na kanisa. Sijamkatalia, lakini si kanisa, ni jumba la opera. Opera ni mchezo wa kuigiza, ila hakuna anayeongea, wote wanaimba. Mtu akiomba maji anaomba kwa kuimba, akifa anaimba kwanza, tena kirefu. Mbele ya jukwaa kuna shimo wanamokaa wapiga vyombo, nao ni wengi kuliko waumini wa ibada ya kwanza pale Maneromango. Mimi nipo kwenye kwaya ya jumba. Leo tunakuwa askari, kesho wafungwa, keshokutwa wafu. Msimu huu nimevishwa ngozi ya mbwamwitu, na taa zile zinachoma kama jua la Januari, jasho linanitoka mpaka kwenye viatu. Nikitoka nje nakuta theluji, na jasho lote linageuka barafu mgongoni. Jirani yangu wa juu hapendi kelele, anagonga sakafu kwa ufagio kila nikianza mazoezi. Siku hizi nafanya mazoezi nimeingiza kichwa kwenye kabati la nguo. Usicheke. Au cheka, nilikuwa natamani kukusikia ukicheka.

Michezo mingi mikubwa ya hapa imetungwa kutokana na hadithi za kale za watu wa kaskazini, za kabla hawajabatizwa. Kuna mungu mkuu aliyetoa jicho lake moja ili apate hekima. Kuna mti mmoja mkubwa ulioshikilia dunia zote. Kuna wasichana wanaopita na farasi juu ya uwanja wa vita kuokota mashujaa waliokufa. Na kuna jambo lililonishangaza kuliko yote: miungu hiyo inajua kwamba itakufa. Inajua siku itafika jumba lao litaungua na mbwamwitu atameza jua, na siku hiyo inavaa nguo za vita na kutoka. Inajua itashindwa, na inakwenda.

Niliposikia hayo mara ya kwanza, akili yangu ilikwenda moja kwa moja Kisarawe, kwenye lile banda la video nyuma ya soko.

Unakumbuka? Tulikuwa tunakaa kwa Shangazi Mwanahawa tupate kusoma sekondari, na Baba alishatupiga marufuku kuangalia picha. Siku ile walikuwa wanaonyesha picha ya roketi. Nahodha mzee alibaki peke yake kwenye chombo kinachoungua ili wenzake wakimbie, na banda zima likapiga kelele: "Staringi hafi! Staringi hafi!" Mmoja akarusha ndala kwenye televisheni. Mimi ndiye niliyegeuka nikamwona Baba mlangoni, kaja kutoka Maneromango bila taarifa, ana fimbo ya mpera mkononi. Nikakushika mkono. Tukangoja kuchapwa.

Lakini Baba hakuwa anatutazama sisi. Alikuwa ameinamisha kichwa, vile anavyofanya kwaya ikiimba na sauti ya tatu ikikosea.

"Adui anakuja," akasema.

Kwenye kioo hakukuwa na adui, kulikuwa na nyota tu. Ghafla mlango wa chombo ukafunguka, na adui akaingia na koti lake jeusi linaloburuza.

Ukamwuliza, "Baba, kumbe umeshaiona?"

"Nitaiona wapi mimi? Muziki umesema. Kila mtu humu ana wimbo wake, unatangulia kabla yake. Ninyi hamsikii?"

Akasimama pale mlangoni mpaka picha ikaisha. Njiani kurudi kwa Shangazi, ile fimbo aliyokuja nayo kutuchapa alikuwa anaongozea kwaya hewani. Akawa anasema, "Muziki huu si wa leo. Muziki huu una babu yake. Nataka nimjue huyo babu." Miaka yote iliyofuata, hata mimi nilipoletwa huku kusomea uimbaji, swali lake lilikuwa hilo: "Umeshampata babu?" Nilidhani ni utani wa mzee.

Nilimpata mwaka jana, Dada. Kuna mama mmoja mtu mzima kwenye kwaya yetu, anaitwa Greta, ambaye hukaa karibu nami tukipumzika. Nilimsimulia habari ya banda la video na Baba na fimbo. Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akasema, "Baba yako alikuwa anasikiliza opera." Akanieleza. Watunzi wa zamani wa opera ndio waliomjengea kila mhusika kipande chake cha muziki. Wakimtaja mungu mwenye jicho moja, muziki wake unapita chini. Upanga nao una wake, hata laana ina wake. Baadaye wanamuziki waliokulia kwenye majumba haya walihama kwa sababu ya vita, wakavuka bahari na begi la nguo, muziki ukiwa kichwani, wakaajiriwa kutunga muziki wa filamu. Wanafunzi wao wakarithi, na wanafunzi wa wanafunzi. Filamu za anga zilipokuja zikachukua vyote, muziki pamoja na hadithi.

"Wale wasichana na farasi zao," Greta akasema, "wamekuwa vyombo vinavyookoa watu vitani kati ya sayari. Mti ulioshika dunia umekuwa kituo kikubwa kinachounganisha nyota. Daraja la miungu, lile la upinde wa mvua, limekuwa mlango wa mwanga. Na yale makoti marefu ya maadui, nenda kayaangalie kwenye stoo yetu ya mavazi."

Nikamwuliza habari ya staringi kufa. Akasema, "Hiyo ndiyo ya kaskazini kabisa. Kwetu shujaa hapimwi kwa kushinda. Anapimwa kwa namna anavyokwenda akijua hatashinda."

Jioni ile ile nikampigia Baba. "Baba, nimempata yule babu."

"Babu yupi?"

"Wa muziki wa picha za roketi."

Akacheka kile kicheko chake cha puani. Nikaanza kumweleza, akanikatiza. "Ngoja, ngoja. Usinieleze humu. Simu hii inakula maneno, na sikio langu la kushoto limeshastaafu. Krismasi unakuja, siyo? Utakaa hapa barazani unieleze toka mwanzo, na mimi nikuulize. Usiniharibie."

Basi nikangoja. Nikamnunulia spika ndogo yenye sauti nzito. Nikamkusanyia vipande vya muziki, cha opera na cha filamu, kimoja baada ya kingine, asikie mwenyewe mjukuu anavyofanana na babu. Hicho ndicho kinachonichoma. Hakuna uzembe niliofanya ambao ningeweza kuutubu. Yeye alisema ningoje, nami nikatii. Tangu utoto nimemtii Baba, na utii wa mwisho ndio unaoniuma. Ningejua, ningemuasi mara hiyo moja, nikapiga kelele kwenye simu mpaka sikio lake la kulia likachoka.

Ulipopiga kuniambia amefariki, tulikuwa mapumzikoni kazini. Kibali changu cha kuishi kilikuwa ofisini kinabadilishwa. Niliwauliza, nikawaomba, mama mmoja nyuma ya kioo akanijibu kwa upole kabisa kwamba kutoka ninaweza, ila mlango wa kurudi hauna uhakika. Baba Mdogo Danieli ndiye aliyenikataza. Alisema, "Ukija ukakwama hapa, Mama yako atakuwa amepoteza wawili." Nikabaki. Mazishi nikayaangalia kupitia simu ya Yosia. Nilikuona, Dada, umesimama na khanga ya bluu, umemshika Mama kiunoni. Walipoanza kushusha jeneza, mtandao wa Maneromango ukakatika. Nikabaki nautazama uso wangu mwenyewe kwenye kioo.

Sasa nije kwenye studio. Kazi ile tulikuwa tumeshaikubali zamani, kwaya nzima, kuimba kwenye filamu ya anga inayotengenezwa hapa. Nilikwenda kwa sababu ndani ya chumba changu nilikuwa siwezi kukaa. Nilifikiri nikisimama katikati ya watu, nikaimba maneno ya lugha ya kale nisiyoielewa, kichwa kitapumzika.

Studioni wameweka kioo kikubwa kinachoonyesha picha bila sauti. Kuna mzee, kamanda, jicho lake moja ni la chuma. Amekufa. Wamemlaza kwenye chombo chake, wamekiwasha moto, kinasukumwa taratibu kuelekea kwenye jua. Hakuna mtu mwingine kwenye picha, ni chombo na giza. Kiongozi wa muziki akatuambia, "Mzee huyu hana mtu. Ninyi ndio watu waliotakiwa kuwepo na hawakuwepo. Imbeni hivyo."

Hakujua alichokisema, Dada. Hakuna aliyemwambia.

Tuliimba. Mwisho wa kipande kuna ukimya, tunatakiwa tusimame kimya picha iendelee. Katika ukimya huo ndipo sauti ikanitoka. Sikuipanga. Ulikuwa ule wimbo wa Bibi aliyemzaa Baba, wa Kizaramo, wa kumlilia aliyekufa. Unajua historia yake. Bibi alikuwa Mwislamu, sheikh akimwambia kulia kwa nyimbo hakufai. Baba akabatizwa misheni, mchungaji naye akamwambia hivyo hivyo. Lakini Bibi alipofariki, Baba aliongoza kwaya kaburini vizuri, tukaimba tenzi zote, kisha akaenda nyuma ya nyumba kwenye mikorosho akauimba peke yake, sisi tukafukuzwa tusisikie. Nilisikia kidogo. Hicho kidogo ndicho kilichonitoka mbele ya Wajerumani wenye makaratasi mkononi.

Nikaumaliza. Mwongozaji wa filamu akatoka nyuma ya kioo. "Ni nini hicho?"

"Ni wimbo wa msiba wa kwetu. Nisameheni. Nimefiwa na baba."

Wakanipa pole, wengine wakanikumbatia. Wiki iliyofuata mwongozaji akaniita nisikilize. Mashine zilikuwa zinarekodi muda wote. Akaniwekea picha pamoja na sauti yangu, akasema filamu nzima haina kitu kingine cha kweli kama hicho, anaomba akitumie. Nikamwona yule kamanda wa jicho la chuma anaelea motoni, na wimbo wa Bibi umemfunika. Niliona kama nimemvika mgeni sanda ya Baba. Nikamwambia anipe muda niulize nyumbani. Ni mwungwana, akasema nyumbani wakikataa ataifuta hiyo sauti.

Nikampigia Mama. Wewe sikukupigia, kwa sababu ulikuwa umeshasema lile neno, na niliogopa kulisikia mara ya pili. Nilimweleza Mama yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja:

"Huyo mzee wa kwenye picha, ana watoto?"

"Hana, Mama. Ni mtu wa kubuni. Hayupo."

"Sijakuuliza kama yupo. Nimekuuliza kama ana wa kumlilia."

"Hana."

"Basi mwache aliliwe. Msiba haumchagui mtu." Nikadhani yamekwisha, nikaanza kushukuru. Akasema, "Lakini wewe uliimba upi?"

Nikamwimbia kwenye simu kile ninachokijua. Mama akaguna. "Hiyo ni nusu. Nusu ya kwanza ni ya kumwita. Nusu ya pili ndiyo ya kumwachia aende. Ukimwita mtu halafu ukanyamaza, unamwacha njiani. Mama mkwe wangu alinifundisha wote nikiwa na mimba ya dada yako."

Kumbe Mama anao! Miaka yote hii tukamdhania hajui ila tenzi za kitabuni. Akaanza kunifundisha, mstari kwa mstari, kwa simu. Akitaja neno naliandika, akiimba naimba. Mara nyingine sauti inamkatika, tunangojana, tunaendelea. Alikuwa hajaimba tangu mazishi, aliniambia mwenyewe. Nafikiri siku zile ndizo alizoanza kula.

Nilipoushika wote nikarudi studio nikauimba toka mwanzo mpaka mwisho. Mwongozaji akausikiliza, akasugua uso. Akasema nusu ya pili ni nzuri ila inatuliza. Yeye hataki watazamaji watulie pale, anataka watoke na kidonda. Angechukua nusu ya kwanza peke yake.

Nikamwambia, "Haukatwi."

"Ni dakika moja tu tunaondoa."

"Ndiyo hiyo dakika anayoondokea mtu."

Hatukugombana. Akafuta sauti yangu, akamleta mwanamke mmoja mwenye sauti nzuri sana, akaimba wimbo mwingine uliotungwa kwa maneno ya kaskazini. Nimesikia. Ni mzuri. Greta anasema nimekataa jambo ambalo lingenifungulia milango, na huenda ni kweli. Kuna asubuhi nyingine naamka nikijuta. Najutia ile sauti iliyofutwa, najuta kuitoa, najuta kuikataa, vyote kwa pamoja, kabla sijapiga mswaki. Nilipomwambia Mama, alisema, "Pole yake yule mzee." Hakusema zaidi.

Kwa hiyo ni kweli, Dada. Wiki mliyomzika Baba niliimba. Alichokuambia Yosia ni sahihi, na ulichoniambia ni haki yako, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unamgeuza kitandani na kumkanda mgongo, wewe ndiye uliyetoka Sofu kila wiki kwenye ile barabara mbovu na dawa mkobani. Mimi nilikuwa na sauti tu, na hata hiyo ilitokea mahali pasipo pake.

Kibali kimetoka. Nimeshaomba likizo, nitakuja masika yakiisha, gari liweze kufika Maneromango bila kusukumwa. Nakuomba jambo moja. Nipokee wewe, tusipitie kwa watu, twende mimi na wewe na Mama mpaka kaburini. Sihitaji tuzungumze sana. Usimame tu karibu yangu, upande ule ule wa kaburi uliposimama na khanga ya bluu.

Msalimie Shangazi Mwanahawa pale Kisarawe, mwambie mtoto wa kaka yake bado anakumbuka vitumbua vyake. Baba Mdogo Danieli mpe shikamoo na ahsante kwa lile neno gumu alilonishika nalo. Yosia mwambie sina kinyongo, simu yake ndiyo iliyonipa macho siku ile. Wapwa zangu wabusu wote. Mama usimsomee barua hii. Nyingi ya habari zake anazijua kuliko mimi.

Nilimwita Baba siku ile nikaishia katikati. Nakuja kumalizia.

Mdogo wako anayekuheshimu,
Amoni